Mtaka cha Juu Sharti Ainame: Masomo ya Uongozi kutoka Tunguu na Ngomeni

Tukizungumza habari za safari za anga za juu, akili zetu hukimbilia Florida, Houston au Baikonur. Huko ndiko roketi kubwa zilikorushwa, na huko ndiko zilikotoka picha tulizozizoea. Watoto wetu wanaosoma London, Toronto, Muscat na Minneapolis hufundishwa majina ya John Glenn na Neil Armstrong, na wakirudi nyumbani wakatuuliza sisi tulikuwa wapi wakati hayo yakitendeka, wengi wetu huwajibu kwamba hatukuwapo. Jibu hilo si sahihi. Katika mwambao wetu, mahali pawili palipoachana kwa masafa yasiyofika kilomita 400, palijengwa vituo viwili vya kazi ya anga, karibu katika miaka ile ile. Cha kwanza kilikuwa Tunguu, Unguja. Cha pili kiko Ngomeni, kaskazini ya Malindi.

Kituo cha Tunguu hakikutimiza hata miaka minne. Cha Ngomeni kimepita nusu karne na bado kipo. Waliovijenga wote walikuwa mabingwa wa kazi yao, na roketi na redio zao zilifanya yaliyotakiwa. Tofauti kubwa ilikuwa huku chini, katika namna viongozi wao walivyoikabili ardhi waliyosimama, watu waliowakuta na mambo yaliyogeuka bila ya kutarajiwa. Katika makala haya tunataka kuvitazama vituo hivyo viwili pamoja, kwa sababu tunaamini vina la kutufundisha sisi tunaoishi katika nchi za watu na kuongoza vyama vyetu vidogo huku ughaibuni.

Antena za Tunguu

Mwaka 1958 Marekani iliunda shirika lake la anga, NASA, na mapema kabisa likapewa kazi ya kumpeleka mtu kuizunguka dunia. Mradi huo uliitwa Mercury. Moja katika matatizo yake halikuhusu roketi hata kidogo. Chombo kinachoizunguka dunia kwa dakika 90 hivi hakikai juu ya Marekani ila kwa muda mfupi. Sehemu kubwa ya safari kiko juu ya Atlantiki, Afrika, Bahari ya Hindi, Australia na Pasifiki. Siku zile hapakuwa na setilaiti za kupokezana sauti. Ili wakuu wajue kwamba mtu aliyemo chomboni yu hai na mitambo yake inafanya kazi, ilibidi wawepo watu ardhini, chini ya njia ya chombo, wenye antena na redio. Kila kituo kilimpokea mwanaanga kutoka kwa kituo kilichotangulia, kikakaa naye dakika chache, kisha kikamwachia kinachofuata, mfano wa wakimbiaji wanaopokezana vijiti.

Vilijengwa vituo zaidi ya 15, viwili kati ya hivyo vikiwa melini. Katika bara la Afrika palichaguliwa Kano, Nigeria, na katika visiwa vyetu pakachaguliwa Unguja. Kituo kikawekwa Tunguu, maili kumi hivi kutoka mjini. Hakikuwa na roketi wala silaha. Kilikuwa na antena, mitambo ya kupokea vipimo vya chombo, redio ya kuzungumza na mwanaanga, na daktari aliyefuatilia mapigo ya moyo wa mtu aliyekuwa akipita juu ya mawingu kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa.

Lakini hayo watu wa Unguja wangeyajuaje? Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na makubaliano ya kujenga kituo yalifikiwa mwaka 1960 baina ya Washington na London. Wenye kisiwa walikuja kuambiwa jambo lililokwisha amuliwa. Chama cha Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, kikaandaa maandamano kukipinga. Hoja ya wapinzani ilikuwa kwamba kituo hicho kitaiingiza Zanzibar katika ugomvi wa mataifa makubwa, na kwamba siku vita vitakapozuka kisiwa kitakuwa shabaha.

Leo ni rahisi kuwacheka watu hao na kusema walihofia antena. Tusiwacheke. Tarehe 1 Mei 1960 ndege ya kijasusi ya Marekani aina ya U-2 iliangushwa katika anga ya Urusi ya Kisovieti. Siku chache baadaye NASA yenyewe ilitoa taarifa kwamba ndege iliyopotea ni yake, na kwamba ilikuwa ikipima hali ya hewa. Muda si muda Warusi wakamtoa rubani akiwa hai, na uongo ukafichuka mbele ya dunia nzima. Kwa hiyo, katika mwaka ule ule ambao watu wa Unguja walitakiwa waamini kwamba NASA inakuja kwa ajili ya sayansi tu, jina la shirika hilo lilikuwa limetumiwa kufunika ujasusi. Wahandisi waliokuja Tunguu hawakuwa na hatia katika jambo hilo, lakini walikuja wakiwa wamebeba deni la wengine. Kiongozi anayefika ugenini hana budi kulihesabu deni kama hilo kabla ya kufungua masanduku yake.

Mtu aliyefichwa habari

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Mnamo Novemba 1961 alipita sokwe aitwaye Enos, aliyeizunguka dunia mara mbili na kurudi salama. Kisha tarehe 20 Februari 1962 akapita John Glenn ndani ya chombo kilichoitwa Friendship 7. Kiasi cha nusu saa baada ya kuondoka Florida alikuwa akisikika Tunguu. Katika kipande hicho cha safari alifanya zoezi la kuvuta kamba ya mpira ili madaktari waone moyo wake unavyopokea kazi mahali ambapo vitu havina uzito. Muda mfupi baadaye, akiwa juu ya Bahari ya Hindi, aliliona jua likizama. Alikuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, na madaktari wa kwanza kumpima katika zoezi lile walikuwa wamekaa katikati ya minazi na mikarafuu ya Unguja.

Katika safari hiyo hiyo lilitokea jambo ambalo hadi leo husimuliwa katika mafunzo ya uongozi. Chombo kilipokuwa katika mzunguko wa pili, mtambo mmoja ulituma ishara kwamba ngao inayokikinga na moto wakati wa kurudi imelegea. Kama ishara ilikuwa ya kweli, Glenn angeteketea. Wakuu huko Cape Canaveral wakagawanyika. Christopher Kraft, aliyekuwa akiongoza safari kutoka ardhini, aliona kwamba ishara ni ya uongo na inatokana na ubovu wa swichi. Wengine wakashauri kwamba fungu la roketi ndogo za kupunguza mwendo, lililofungwa kwa mikanda juu ya ngao, lisitupwe kama ilivyokuwa desturi, ili mikanda yake isaidie kuishikilia ngao. Ushauri huo wa pili ndio uliofuatwa.

Lakini wakati wakuu wakijadiliana, Glenn mwenyewe hakuambiwa. Vituo viliagizwa vimuulize kama swichi fulani imezimwa, na kama amesikia mgongano wowote. Kituo hiki kikauliza, na kile kikauliza. Glenn hakuwa mtoto, na alitambua kwamba yapo yanayofichwa. Alikuja kuelezwa mwishoni kabisa, alipokuwa anakaribia kuingia katika hewa. Alirudi salama baada ya saa nne na dakika 55, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ngao ilikuwa imara muda wote na swichi ndiyo iliyokosea. Hata hivyo Glenn alisema wazi kwamba rubani anapaswa kuambiwa habari za chombo chake mara tu zinapojulikana, kwa kuwa yeye ndiye aliyemo ndani.

Tunaona ulinganifu hapa. Wakuu wale wale waliomficha Glenn habari za ngao yake walitoka katika utaratibu ule ule uliojenga Tunguu bila ya kukaa na watu wa Tunguu. Katika mambo yote mawili nia ilikuwa njema. Katika mambo yote mawili waliona kwamba anayehusika zaidi ataarifiwe mwisho. Lile la Glenn walilirekebisha, kwa sababu alirudi na kusema, na sauti yake ilikuwa na uzito. Watu wa Unguja nao walisema, tena barabarani, lakini hawakuwa na nafasi katika kikao.

Saa ya mkononi

Baada ya Glenn walipita Scott Carpenter na Walter Schirra mwaka 1962, na wa mwisho akawa Gordon Cooper aliyeondoka tarehe 15 Mei 1963. Cooper aliizunguka dunia mara 22 kwa muda wa saa 34. Katika mizunguko yake alipita karibu na Zanzibar, na akiwa huko juu alituma salamu za heri kwa viongozi wa Afrika, ambao siku chache baadaye walikutana Addis Ababa na tarehe 25 Mei wakaanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Safari yake ilipokaribia mwisho, umeme wa mitambo iliyokiongoza chombo ulikatika. Mashine iliyotarajiwa kumrudisha ardhini ikawa haina kazi, na hewa chafu ikaanza kuongezeka chomboni. Cooper hakuwa na mtu wa kumsaidia ila sauti redioni. Alikishika chombo kwa mikono, akakilinganisha na upeo wa dunia aliouona dirishani, akahesabu muda kwa saa yake ya mkononi, na akawasha roketi za kurudi kwa wakati wake. Alitua Pasifiki kiasi cha maili nne tu kutoka kwa meli iliyokuwa ikimngoja.

Wengi husimulia kisa hiki kama habari ya ushujaa. Sisi tunakiona pia kama habari ya matayarisho. Mercury ilipobuniwa walikuwapo wahandisi walioona kwamba mtu ni abiria tu na mashine itafanya kila kitu. Marubani ndio waliodai dirisha na usukani wa mkono. Laiti wakuu wangekataa kuwasikiliza, Cooper angekuwa na saa nzuri na asiwe na cha kushika. Kubadilika wakati wa dhiki huwezekana pale tu ambapo mtu ameachiwa njia ya pili mapema.

Mlango uliofungwa

Zanzibar ilipata uhuru wake Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Wapo miongoni mwa wasomaji wetu ambao tarehe hiyo iliyagawa maisha ya familia zao, na hatutaki kuigusa kwa wepesi. Kwa habari yetu inatosha kusema kwamba siku ya pili yake Wamarekani waliondolewa kwa meli ya kivita, na serikali mpya ikataka kituo cha Tunguu kivunjwe. Kufikia Aprili mwaka ule kilikuwa kinaondolewa, na mwezi huo huo Zanzibar na Tanganyika zikaungana.

NASA ilijua kubadilika. Ilihamishia kazi Tananarive, Madagascar, na wanaanga wa Gemini walipoanza kupita mwaka 1965 walipokewa huko. Lakini mwaka 1975 serikali ya Madagascar nayo ikakifunga kituo hicho. Hapa pana jambo la kuzingatia. Kuhamisha antena ni aina moja ya kubadilika, na ni muhimu. Aina ya pili ni kubadilisha namna ya kukaa na mwenyeji, na hiyo ni ngumu zaidi kwa sababu haina michoro wala fundi wa kumwita. Anayejifunza ile ya kwanza peke yake atakuwa hodari wa kufunga mizigo.

Jukwaa la kuukuu baharini

Wakati antena za Tunguu zikifunguliwa, kaskazini mwa mwambao ule ule walikuwa wakiingia watu wengine. Kiongozi wao aliitwa Luigi Broglio, Mtaliano aliyezaliwa mwaka 1911, profesa katika Chuo Kikuu cha Roma na afisa mhandisi wa jeshi la anga la nchi yake. Mwaka 1961 aliishawishi serikali ya Italia ikubali mradi wa kurusha setilaiti. Mradi huo uliitwa San Marco. Italia haikuwa na roketi ya kufikisha kitu katika mzunguko wa dunia, haikuwa na uwanja wa kurushia, na fedha zake zilikuwa kidogo ukilinganisha na za Marekani na Urusi.

Broglio alianza kwa kuhesabu alichonacho na anachoweza kuazima. Roketi aliipata kwa Wamarekani: ni Scout, roketi nyembamba yenye hatua nne, inayotumia fataki kavu isiyohitaji matangi makubwa ya kujaziwa. Wahandisi wake akawapeleka Marekani kujifunza. Tarehe 15 Desemba 1964, kutoka kisiwa cha Wallops katika jimbo la Virginia, Wataliano wakairusha San Marco 1 kwa mikono yao wenyewe. Yaani kabla ya kusimama katika uwanja wao, walifanya mazoezi katika ua wa jirani, mbele ya mwalimu.

Kuhusu uwanja, alitazama ramani. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kwenye Ikweta ardhi husogea kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki huondoka ikiwa tayari imepewa msukumo wa bure, na kwa roketi ndogo kama Scout msukumo huo ni mali. Tena ilitakiwa bahari wazi upande wa mashariki, ili vipande vinavyoanguka visiangukie watu. Ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni, iko chini ya digrii tatu kusini ya Ikweta na imeelekea Bahari ya Hindi.

Badala ya kujenga bandari ya roketi nchi kavu, Broglio alichukua jukwaa la kuchimbia mafuta lililokuwa limemaliza kazi yake, akaligeuza na kulisafirisha hadi pwani ya Kenya. Akaliita Santa Rita, jina la mtakatifu ambaye Wakatoliki humwomba katika mambo yasiyowezekana. Mwaka 1964 roketi ndogo za majaribio zikaanza kuruka kutoka hapo. Baadaye likaongezwa jukwaa la pili, San Marco, la kurushia roketi kubwa, na Santa Rita likawa la wasimamizi, mita mia kadhaa kando, yakiunganishwa kwa nyaya zilizolazwa baharini.

Tarehe 26 Aprili 1967, siku ambayo Watanzania walikuwa wakiadhimisha miaka mitatu ya Muungano, San Marco 2 iliruka kutoka Ghuba ya Ungwana. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa lililoko baharini. Hadi Machi 1988 zilirushwa setilaiti tisa kutoka hapo, za Italia, za Marekani na hata moja ya Uingereza, iliyoitwa Ariel 5, mwaka 1974. Mgeni aliyeanza kwa roketi ya kuazima na jukwaa la kuukuu akaishia kuwarushia wengine setilaiti zao, wakiwamo wale waliomfundisha.

Uhuru

Katika hizo tisa iko moja ambayo kila msemaji wa Kiswahili angepaswa kuijua. Wanasayansi wa Marekani walitaka kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka katika nyota. Mionzi hiyo haipenyi hewa ya dunia, kwa hiyo haiwezi kuonekana kutoka ardhini, na roketi ndogo zilizopanda na kushuka ziliipata kwa dakika chache tu. Ilihitajika setilaiti ikae juu na kuichungulia mbingu nzima taratibu. Tena ilifaa izunguke juu ya Ikweta, mbali na eneo la kusini mwa Atlantiki ambako chembechembe nyingi za mionzi hushuka karibu na dunia na kuvuruga vipimo. Ngomeni palifaa kuliko Florida.

Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme aliyekuwa wa kwanza katika wanawake kusimamia mradi wa setilaiti katika NASA. Mkuu wa uchunguzi alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyehamia Marekani. Setilaiti iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Kwa kuiheshimu nchi iliyowapokea, Townsend aliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Ilikuwa na uzito usiofika kilo 150, na ilifanya kazi hadi mwaka 1973. Kabla yake vilijulikana vyanzo vichache tu vya mionzi hiyo angani. Orodha ya mwisho ya Uhuru ina vyanzo 339. Ilionyesha kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kinapigapiga kila baada ya sekunde chache, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilichangia kukifanya kuwa cha kwanza kuaminiwa na wataalamu wengi kwamba kina shimo jeusi. Mafanikio hayo yalitokana pia na utaratibu wa kazi. Setilaiti ilikuwa ikijizungusha polepole na mzunguko wake uliweza kupunguzwa kutoka ardhini. Wanasayansi walipoona chanzo kinabadilikabadilika kuliko walivyotazamia, hawakushikilia ratiba waliyoiandika kabla ya safari. Waliipunguza mwendo ili ikitazame chanzo hicho kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2002 Giacconi alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia.

Hadi leo wanaastronomia wakiandika majina ya nyota hizo huanza na alama 4U, na herufi ile U ni Uhuru. Neno letu limo katika vitabu vya nyota vya Tokyo na Cambridge, ingawa wengi wanaolitumia hawajui lilikotoka.

Hesabu ya mwenyeji

Hata hivyo tusijisifu kwa jina tukasahau hesabu. Roketi ilikuwa ya Wamarekani, jukwaa la Wataliano, vipimo vilikwenda Marekani na tuzo ikaenda kwa mwanasayansi wa Marekani. Mahali palikuwa petu, na neno likawa letu. Kwa miaka mingi wabunge wa Kenya na watu wa pwani wameuliza nchi inapata nini kutokana na Ngomeni, na swali hilo lilikuwa halali. Kituo kilidumu kuliko Tunguu kwa sababu kadhaa: kazi yake hatari ilifanyika baharini, Italia haikuwa dola kubwa ya vita baridi, na Kenya huru ilikuwa na sauti katika makubaliano yake na iliweza kudai yahuishwe. Kudumu peke yake hakumaanishi haki imetimia.

Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini makubaliano mapya yenye vifungu vya mafunzo na vya kuchunguza ardhi kutoka angani. Mwaka 2017 Kenya ikaunda wakala wake wa anga. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na chuo kile kile cha Broglio huko Roma, ilitolewa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1 ikarushwa kutoka California kwa roketi ya Wamarekani. Wako walioibeza kwa kuwa roketi si yetu. Hao wakumbushwe Wallops, mwaka 1964. Wataliano nao walianza kwa roketi ya watu, katika ua wa watu, na hakuna aliyewacheka.

Na Tunguu? Mahali ambapo watu walisikiliza sauti za wanaanga sasa pana vyuo vikuu. Tunapenda kufikiri kwamba mwanafunzi wa fizikia anayesoma huko leo anastahili kusimuliwa yaliyopita juu ya kichwa cha babu yake.

Yanayotuhusu

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mambo haya yanatuonyesha kwamba hata mtaka cha juu hana budi kuinama. Broglio aliinama kwa kukubali kuwa mwanafunzi akiwa tayari profesa. Cooper alifanikiwa kwa sababu wakuu wake walikubali kwamba mashine yao huenda ikashindwa. Townsend aliinama kwa wenyeji kwa jambo dogo tu la kuchagua jina, na jina hilo likaishi kuliko setilaiti yenyewe. Waliojenga Tunguu walikuwa na elimu isiyo na shaka, lakini mkutano wa kwanza na wenye ardhi haukufanyika kwa wakati wake, na antena nzuri hazikuweza kuufidia.

Nasi katika vyama vyetu hufanya mara nyingi kama Tunguu. Kamati hukutana London au Washington, ikaamua kujenga zahanati au kisima katika kijiji fulani, fedha zikachangwa, kisha wanakijiji wakaarifiwe siku ya kufungua. Mradi ukikwama tunalaumu ukosefu wa shukrani. Viongozi wetu wangeanza kwa maswali ya Broglio: tuna nini mkononi, nani atufundishe, na wapi tufanyie mazoezi kabla ya kusimama wenyewe? Wangeongeza na lile la Glenn: aliyemo chomboni ameambiwa?

Sisi sote huku tuliko ni wageni katika ardhi za watu, na huko tulikotoka ni wenyeji wa wageni wengine. Tumeonja pande zote mbili, kwa hiyo tuna sababu ya kujifunza haraka kuliko wengi. Watoto wakiuliza tena watu wa kwetu walikuwa wapi, tuwaambie habari za Tunguu na Ngomeni, pamoja na yale yaliyoharibika. Kisha tuwaache wajifunze hesabu, ili safari ijayo, mbali na mahali na jina, na vipimo vije mikononi mwao.